Nataka Nimkimbie Baba Yako

Mzee Andendekisye alimtazama Tusekile usoni, peupe, mbele za watu, na akaendelea kumtazama.

Ungekuwa mgeni uwanjani pale Iringa asubuhi ile ya Julai, mwaka wa hamsini na sita, usingeona ajabu yoyote. Ungemwona mzee mrefu mwenye koti jeusi la kanisani na makatambuga miguuni, ndiyo kwanza ameshuka kwenye lori la kutoka Tukuyu, na mkewe nyuma yake kabeba kikapu cha ndizi. Ungemwona msichana wa gauni jeupe la unesi amekaa kwenye nyasi, mguu wa kijana mkimbiaji umelala mapajani mwake, viganja vyake vimelowa mafuta ya nyonyo. Mzee anamtazama msichana, msichana anatetemeka. Ungesema, aa, baridi ya Iringa hiyo, na ungekwenda zako kutafuta chai.

Lakini waulize Wanyakyusa waliokuwapo. Wale walishika vinywa.

Maana kwao binti akishachumbiwa, tangu siku hiyo yeye na baba mkwe hawaonani tena. Akimsikia anakohoa njiani, binti huyo migombani. Akikutana naye ghafla, nguo kichwani, uso haonyeshi. Hata jina lake hathubutu kulitaja. Na mzee naye, kama anajiheshimu, humpa kisogo mpaka apite. Wanaosali na wasiosali, wengi hilo hawajaliacha, na utawasikia wake zao kisimani wanalisema kwa maringo kabisa: mimi namkimbia baba mkwe wangu.

Ndiyo sababu Tusekile alipoliona lile koti jeusi linakuja, hakungoja kufikiri. Aliutua mguu wa Asukile, mkimbiaji mwana wa mzee huyo, akainuka ajifiche nyuma ya lori la timu. Hajaposwa, ni kweli, wala hakuna ng'ombe aliyefungwa kamba kwa ajili yake. Lakini moyo wake ulikwisha olewa zamani, na miguu ikaufuata moyo.

"Simama hapo!" mzee akasema. "Unakwenda wapi?"

Tusekile akasimama, macho chini.

"Wanaonikimbia mimi ni wakamwana zangu. Wewe si mmoja wao, wala hutakuwa. Kwa hiyo kaa, endelea na kazi yako, nikutazame vizuri."

"Baba!" Asukile aliruka kusimama.

"Wewe nyamaza! Niliambiwa kuna binti Mbeya anakushika miguu mchana kweupe, nikasema watu wananizulia. Kumbe waliniambia kidogo. Na hawa wengine wote hapa, nao anawashika?"

"Ni kazi yake, baba. Kafundishwa na Sista hospitali ya misheni. Masika ile msuli ulipochanika, kama si yeye ningekuwa natembelea fimbo mpaka leo."

"Kuchua ni kazi ya vikongwe. Damari wa Eliezeri, niliyekuchagulia, anakungoja nyumbani. Mikono yake inajua jembe na Biblia, basi."

"Mzee," mama Atuganile alimvuta mumewe koti, "watu wanatazama."

"Na watazame. Hata mimi natazama."

Akatazama kweli, mpaka aliporidhika, ndipo akageuka akaenda kusimama kwenye kamba na wenzake wa Tukuyu. Mama Atuganile alibaki nyuma kidogo, akamwangalia Tusekile kwa huruma, midomo ikamcheza. Akainua kikapu chake, akamfuata mumewe.

Tusekile alisikia uso unamwaka moto. Angetukanwa angejibu, maana mdomo alikuwa nao. Lakini kutazamwa vile, kuambiwa kwa macho kwamba wewe kwangu ni mtu wa barabarani, jibu lake ni lipi? Alichukua chupa yake ya mafuta, akaenda nyuma ya lori, akaketi juu ya gurudumu la akiba, akalia.

Huko ndiko Severina alikomkuta. Severina alikuwa nesi wa Iringa, Mhehe wa kutokea Kilolo, mcheshi asiyejua kunong'ona, na nyumbani kwake ndiko Tusekile alikofikia.

"Nini tena? Umefiwa?"

"Kanitazama."

"Nani kakutazama?"

"Baba yake Asukile. Usoni. Mbele ya watu."

Severina akangoja. "Halafu?"

"Halafu basi."

"Ee! Tusekile, mimi nakupenda lakini leo sikuelewi. Kwetu baba mkwe asipokutazama ndiyo unalia, unajua kakununia. Wewe umetazamwa tu, unamwaga machozi?"

Tusekile akamweleza, kwa kwikwi, mpaka mwisho. Severina alisikiliza, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo yule mzee ana bahati mbaya ya kuwa na macho," alisema hatimaye. "Anaitwa nani, nikamseme?"

"Siwezi kulitaja jina lake."

"Kakukana mbele ya uwanja mzima, na jina lake bado unalitunza?"

Tusekile akaitikia kwa kichwa, akajifuta pua na pindo la kanga aliyojitanda mabegani. Severina akamkumbatia.

"Basi umeshapotea, shoga yangu. Hakuna dawa."

Hatua zikasikika kwenye kokoto. Severina alichungulia, akaona ni nani, akakumbuka ghafla kwamba kaka yake Marcelino anamhitaji. Marcelino ndiye aliyekuwa bingwa wa maili moja Iringa yote, na ndiye ambaye Asukile alitoka Mbeya kuja kupambana naye. Wawili wa kwanza katika fainali ya mchana ndio wangekwenda Dar es Salaam kujaribiwa timu ya nchi.

Asukile alisimama mbele ya Tusekile, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa kijana wa maneno machache, tarishi wa ofisi huko Mbeya, mwenye macho mapana ambayo yakitua kwako hayana haraka ya kuondoka. Lori lao lilipoharibika Nyololo wakija, ukungu umeshuka, yeye ndiye aliyevua koti akamvika. Alisema tu, "Mikono yako ndiyo inayonifanya nikimbie," akarudi kusukuma lori. Tangu hapo Tusekile alikuwa akilirudia lile neno moyoni kama mtoto mwenye pipi.

"Twende zetu," Asukile akasema sasa.

"Wapi?"

"Popote. Ubaruku nina rafiki, ana mashamba ya mpunga. Lori la mchana lipo. Tukifika tunamtafuta mchungaji, basi. Sikimbii tena leo. Siwezi kukimbia mbele ya mtu aliyekudhalilisha."

"Ni baba yako."

"Ndiyo maana inaniuma!"

Tusekile akainuka. Walisimama karibu, wala hawakugusana. Ajabu ya mambo, mguu ule alikuwa ameushika miezi yote, anaujua kila fundo lake, lakini mkono wa Asukile hakuwahi kuushika. Mguu ulikuwa kazi. Mkono ungekuwa kitu kingine.

"Nisikilize, Asukile. Nikipanda lori hilo na wewe nitakuwa mke wa mtu aliyetoroka kwao. Nitakuwa nakutana na baba yako sokoni Tukuyu, ananitazama usoni, ananipita. Mimi sitaki hivyo."

"Unataka nini?"

"Nataka nimkimbie baba yako."

"Umkimbie?" Asukile akauliza.

"Nataka nimkimbie mpaka nizeeke," Tusekile alisema, na machozi yalikuwa yameanza tena lakini sauti ilikuwa imara. "Nataka nikisikia kikohozi chake niingie migombani na mtoto mgongoni. Nataka nitumwe maji nipite njia ndefu kwa sababu yeye kakaa njia fupi. Ndilo ninalotaka, na lori la Ubaruku halinipi."

Asukile alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka, kisha macho yake yakajaa maji.

"Nitasema naye."

"Sema naye jioni. Kwanza kimbia. Na sikia: ukimaliza mchujo, vaa suruali na koti, tembeatembea juani. Usisimame kwenye upepo hata kidogo. Kigimbi hicho kikipoa umekwisha. Umenisikia?"

"Nimekusikia, nesi."

"Usiniite nesi."

"Nimekusikia, mke wangu," akasema, akatoka mbio kabla hajapigwa chupa ya mafuta.

Mchujo ulikwisha salama. Asukile alikuja wa pili nyuma ya Marcelino, bila kujitutumua, na mwalimu Liberatus, mkuu wa timu ya Mbeya, akapiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Lakini mapenzi hayana subira. Badala ya kuvaa koti na kutembea, Asukile alikwenda moja kwa moja kwenye kamba alikosimama baba yake, jasho halijakauka, kaptura ileile, na upepo ule wa Iringa unavuma kutoka mabondeni. Wakaanza. Mzee akisema hili, kijana anasema lile. Tusekile alikuwa anamfunga bandeji mrusha mkuki, akainua kichwa akawaona.

"Mwalimu," alimwambia Liberatus, "kamwondoe pale. Anapoa."

"Nimwondoe kwa baba yake? Mimi?"

"Basi mpelekee koti!"

Mwalimu alichukua koti akaenda. Aliporudi alikuwa bado analo. "Wananisukuma wote wawili," akasema.

Wakaitwa wa fainali. Asukile alitoka kwenye kamba kwa hasira, akavuka nyasi kwa mbio fupi ya kujipasha moto, na katikati ya uwanja, watu wote wakiona, akaanguka kama aliyepigwa rungu. Kigimbi kilikuwa kimekaza, kimejikunja kikawa kama jiwe chini ya ngozi. Alijiviringisha, akauma nyasi asipige kelele.

Mzee Andendekisye aliruka kamba. Mzee wa umri ule! Alipiga magoti akakamata mguu wa mwanawe akaanza kuuvuta kwa nguvu zote, kama anavyomvuta ndama aliyekwama tumboni mwa ng'ombe. Asukile sasa akapiga kelele kweli.

"Nesi! Nesi!" mwalimu Liberatus alikuja anahema. "Haraka, mwamuzi kasema dakika tano, asiposimama wanamfuta!"

Tusekile alikwisha inuka. Akapiga hatua moja, akasimama.

Mzee alikuwa pale pale, kapiga goti, kaushika mguu. Akienda na uso wake mtupu, amekubali alichoambiwa asubuhi: mimi ni mtu baki, nitazame. Asipokwenda, ile safari ya Dar imekwisha na Asukile anabaki chini. Mwalimu alikuwa anampungia mikono, Asukile analia kule, dakika zinakwenda.

"Severina!" aliita. "Nishike mkono!"

"Nikushike wa nini?"

"Uniongoze. Sitaona."

Akaivua kanga mabegani, akaitupa kichwani, akaivuta ikamfunika uso wote mpaka kifuani, kama mkamwana aliyekutwa njiani. Akanyoosha mkono gizani. Severina alielewa, akaukamata, wakaanza kukimbia.

Jamani, uwanja ule! Wahehe waliuliza, huyo nesi ana nini, kaugua macho? Lakini upande wa watu wa Tukuyu na Rungwe ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakasimama. Binti kajifunika! Amekanwa asubuhi, na mchana kajifunika mbele ya uwanja mzima! Kamwita baba mkwe bila kufungua mdomo.

"Mzee, geuka!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Mpe kisogo!"

"Geuka, mzee, anakuheshimu!"

Tusekile alipiga magoti. Chini ya pindo la kanga aliona nyasi tu, chokaa kidogo, na makatambuga mawili yenye vumbi la safari. Hayakusogea. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vinamwelekea yeye.

Basi na yabaki, alisema moyoni. Mimi nina kazi.

Mikono yake haikuhitaji macho. Iliupata mguu, ikateremka, ikakutana na lile jiwe. Alimshika Asukile kisigino, akaukunja wayo wake taratibu kuelekea kwenye goti, bila kurusha, bila pupa, mkono mwingine umekandamiza katikati ya kigimbi.

"Pumua," alisema chini ya kanga.

"Tusekile..."

"Usiseme. Pumua. Toa pumzi yote. Tena."

Jiwe lilitikisika. Akaendelea kuukunja wayo, kidole gumba kinazunguka, kinapanda, kinarudi. Mafuta ya asubuhi yalikuwa bado mikononi. Jasho lilimtiririka ndani ya kanga, pumzi ilimrudia usoni, na masikio yake yalisikia wanawake wa kwao bado wanaita, mzee geuka, mzee geuka, na sauti ya mama Atuganile kati yao, sasa bila woga wowote: "Geuka, mume wangu, usitutie aibu!"

Makatambuga hayakugeuka.

Ghafla kigimbi kililegea mkononi mwake. Kililala, laini, kikawa mguu tena. Asukile akashusha pumzi ndefu.

"Kimekwenda," akanong'ona.

"Simama polepole. Kanyaga kisigino kwanza."

"Wazazi na wasimamizi wote nje ya kamba!" mwamuzi alipuliza filimbi. Makatambuga yaliondoka kwenye nyasi, yakaenda. Tusekile alihesabu pumzi chache, akaivua kanga. Hakumtazama Asukile usoni, maana angemtazama angeangua kilio. Aliifunga kanga ile yenye joto lake kwenye kigimbi cha kijana, akakaza.

"Ibaki hapo mpaka kwenye mstari. Ukifika ifungue, umpe mwalimu."

"Hakugeuka," Asukile alisema.

"Kimbia."

"Tusekile, nilimwona, alikuwa anakutazama tu..."

"Asukile, mimi nimefanya kazi yangu. Fanya yako!"

Akamsukuma mgongoni, akageuka, akakimbilia nyuma ya lori, mabega yako wazi kwenye baridi. Kanga haikuwapo tena ya kujifunikia, na mzee alikuwa kwenye kamba, hatua chache tu kutoka kwenye lori, upande ule ule ambao angeweza kuonea mbio. Hakuwa na njia ila kubanana na tairi.

"Severina! Panda juu! Panda uniambie!"

Severina alipanda lori kama mvulana, gauni limepanda magotini, hajali. Bastola ya kuanzia ikalia.

"Wametoka!"

"Nani mbele?"

"Kaka yangu! Marcelino! Eee, mwangalieni mtoto wa mama!"

"Na Asukile?"

"Sijui, namtazama kaka."

"Severina, nitakuvuta mguu!"

"Ngoja basi! Yupo. Yupo wa tano. Hapana, wa sita. Kapitwa tena."

"Anachechemea?"

"Hachechemei."

"Kisigino kinafika chini?"

"Mimi nitaonaje kisigino kutoka huku? Anakimbia tu! Lakini anakimbia vibaya, kama mtu aliyebeba debe."

Tusekile alifumba macho, akamwona. "Mabega yake yamepanda? Yamefika masikioni?"

"Eee, ndiyo! Umejuaje?"

"Anauogopa mguu wake. Anaulinda. Akiendelea hivyo mzunguko wa tatu amekwisha. Mwambie ashushe mabega, wanapita hapa sasa hivi!"

"Mwambie wewe!"

"Mzee yupo hapo karibu. Siwezi kupaza sauti naye anasikia."

Severina aliwatazama wakimbiaji wanakuja kwenye kona, kaka yake mbele, kifua nje. Akamtazama rafiki yake chini, mabega wazi, mikono imekunjwa shingoni. Alisonya kwanza, halafu akaweka viganja mdomoni.

"Wewe Mnyakyusa! Shusha mabega! Mguu umepona, shusha mabega! Mwenye mguu wake kasema!"

Uwanja ukaangua kicheko. Lakini Asukile alisikia. Severina alipiga bati la lori kwa ngumi.

"Kashusha! Tusekile, kashusha! Ee Mungu wangu, kumbe alikuwa anaburuta nanga! Kampita mmoja. Kampita wa pili. Nini ninafanya mimi, nitamwambia nini mama? Kaka, kaza! Marcelino, anakuja!"

"Wa ngapi?"

"Wa nne. Kengele hiyo, unaisikia? Mzunguko wa mwisho. Wa tatu! Mbele yake kuna yule wa Njombe mwenye kaptura nyekundu. Amemkamata. Hajamkamata. Amemkamata!"

Tusekile alikuwa amelishika tairi kwa mikono miwili. Kelele za watu zilipanda mpaka hakusikia tena maneno, alisikia tu miguu ya Severina inaruka juu ya bati, paa paa paa, kisha ikanyamaza.

"Severina?"

Akapiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Severina, kaanguka?"

Severina aliinama kutoka juu, uso umejaa machozi na meno yote nje.

"Kaka yangu wa kwanza! Na wako wa pili! Wa pili, kwa kifua! Wanakwenda Dar wote wawili!"

Walikumbatiana Severina hata hajamaliza kushuka, wakaanguka wote kwenye vumbi, wakacheka, wakalia. Halafu Tusekile akakumbuka kazi. Mguu ule ulichanika masika, leo umekaza, umekimbia maili nzima. Usipochuliwa sasa hivi, kesho hatoweza kukanyaga chini. Alishika chupa yake ya mafuta, akatoka mbio.

Njia ya kwenda mwisho wa mbio ilikuwa nyembamba, upande mmoja kamba za uwanja zimejaa watu, upande wa pili ua wa matete. Aliinamisha kichwa, akapenya. Alipoinua macho, koti jeusi lilikuwa mbele yake.

Mzee Andendekisye alikuwa anakuja, mkewe kando yake na kanga ya Tusekile mkononi, aliyoichukua kwa mwalimu. Hakukuwa na mgomba, hakukuwa na lori, hakukuwa na nguo. Mabega wazi, uso mtupu, Tusekile alisimama. Nyuma yake watu, mbele yake mzee. Akafumba macho, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kujifunikia, akangoja kutazamwa.

Alingoja. Alisikia watu wa karibu wanaanza kucheka.

"Na huyu mzee vipi?" Mhehe mmoja aliuliza. "Kalewa?"

Kisha kigelegele kikapigwa, kimoja, cha mwanamke wa kwao. Kikaitikiwa na kingine.

Tusekile alifumbua macho. Mzee Andendekisye, mrefu kama alivyo, mzee wa kanisa, alikuwa amegeuka kaupa uwanja mzima kisogo. Alikuwa kaingiza uso kwenye ua wa matete, na lile koti jeusi la Jumapili kalivuta likamfunika kichwa. Mgongo wa shati lake ulikuwa nje kwenye baridi.

"Mama Asukile," sauti yake ilitoka ndani ya koti, nzito, haimwelekei mtu. "Bado yupo?"

"Yupo," mama Atuganile alijibu. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Alimnyooshea Tusekile ile kanga. "Kasimama tu."

"Mkamwana wako anasimama nini? Mikono yake nimeiona, tulikuwa tunakwenda kumwita. Mwambie apite upesi. Mguu wa mwanangu unapoa, na mimi haya matete yananichoma."

"Umesikia, mwanangu," mama Atuganile akasema taratibu. "Pita."

Tusekile aliipokea kanga, akajitupia kichwani. Akashika pindo la gauni, akajibana ukingoni mwa kamba asimguse hata kwa kivuli, na mbele ya Iringa yote, akamkimbia baba mkwe wake.